Hampta au Thorong La: uvuke kipito kipi cha Himalaya kwanza?

Wiki iliyopita mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne akiwa ndani ya daladala. Amepata likizo, akiba yake ya miaka miwili imetimia, na anataka kwenda Himalaya. Kilele hakitaki. Anataka kuvuka safu ya milima kwa miguu, aingie bonde moja atokee bonde jingine. "Dada, nimebakiwa na njia mbili tu," alisema. "Hampta ya India na Thorong La ya Nepal. Hampta ni mita 4,270, Thorong La ni 5,416. Mimi sijawahi kulala hata Mandara, kambi ya chini kule Kilimanjaro. Si nianze na hiyo ya chini?"

Nimezivuka zote mbili, Hampta mwezi wa Septemba, Thorong La mwaka uliofuata mwezi wa Oktoba. Nilimjibu kwa maandishi kwa sababu jibu langu linapingana na hesabu yake: mtu ambaye hajawahi kulala juu ya mita 3,000, kama ana muda wa kutosha, ningempeleka Thorong La kwanza. Hampta ningemwachia yule ambaye mwili wake umeshajuana na hewa haba, hasa kama likizo yake ni fupi. Sababu ziko hapa chini. Ukizisoma huku ukihesabu siku zako mwenyewe, huenda ukafikia uamuzi mwingine, na hilo ni sawa kabisa.

Kipito si kilele

Kipito ni pale ukuta wa milima unapobonyea kati ya vilele viwili, kama mgongo wa punda unavyobonyea, na wachungaji na wafanyabiashara wakapata pa kupenya. Kitibeti wanapaita "la", ndiyo maana jina la Thorong La linaishia hivyo.

Sisi tuliozoea Kilimanjaro tunahitaji kubadilisha fikra kidogo. Kibo unaupanda na kuushuka mlima uleule. Hata ukipandia Machame na kushukia Mweka, bado uko kwao Wachagga. Ukiumwa juu, kila upande ni chini. Kwenye kipito chini kuna pande mbili tu, na ukishavuka, upande uliotoka umezibwa na ukuta uliouacha nyuma. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kipito kina urefu gani, uliza kwanza: nikizidiwa siku ile, nitatokea wapi, na kuna nini huko?

Kwa kulinganisha vimo tu, Hampta iko juu ya Horombo (3,720) na chini ya Kibo Hut (4,720). Thorong La imeipita Lenana ya Mlima Kenya (4,985), lakini haijafika Gilman's Point (5,685). Ukiwa juu ya Thorong La, msukumo wa hewa unakaribia nusu ya ule wa Dar es Salaam au Mombasa.

Njia zenyewe

Hampta inaanzia Manali, mji wa jimbo la Himachal Pradesh ulio kando ya mto Beas. Gari linakupandisha kwa kona zisizoisha hadi Jobra, na kuanzia hapo ni miguu: msitu wa misonobari, kisha malisho ya Chika, kisha bonde la mawe la Balu ka Ghera, kipito chenyewe, kambi ya Shea Goru, na mwisho Chatru, ambako barabara inakupokea. Ni siku nne za kutembea, wakati mwingine tano. Wengi huongeza siku moja kwenda kwa gari hadi ziwa Chandratal, kisha hurudi Manali kwa kupita handaki la Atal, lenye urefu wa kilomita 9, lililofunguliwa Oktoba 2020.

Thorong La ni sehemu ya juu kabisa ya njia inayoizunguka milima ya Annapurna. Unaanzia Besisahar, kwenye mita 760 tu, ambako kuna migomba na mashamba ya mpunga, na unaufuata mto Marsyangdi kwenda juu kupitia Chame, Pisang na Manang. Ukishavuka unashukia Muktinath, halafu bonde la Kali Gandaki. Zamani watu walitembea mzunguko mzima kwa wiki tatu. Siku hizi barabara imeingia pande zote mbili, na wengi hutembea siku 10 hadi 14.

Kwa uzuri wa nchi ndani ya muda mfupi, sijaona kitu cha kuishinda Hampta, na hili nalisema ingawa sikuipendekeza kwa mdogo wangu. Safu ya Pir Panjal, ile unayoivuka, inayazuia mawingu ya mvua yanayotoka kusini. Upande wa Kullu, bonde unalotoka, kila kitu ni kibichi. Kuna maua, vijito, na wachungaji wa Kigaddi na makundi yao ya kondoo na mbuzi. Unapanda, unavuka, na upande wa pili, Lahaul, hakuna kitu isipokuwa mawe, vumbi na milima ya kahawia isiyo na mti hata mmoja. Asubuhi unakanyaga majani, jioni unakanyaga kokoto. Ni kama utoke migombani Marangu, uruke ukuta mmoja, ujikute Turkana, ila jangwa hili ni la baridi. Annapurna nayo inabadilika hivyohivyo, lakini polepole, siku baada ya siku, na mtu asiyekuwa makini anaweza asione ni lini msitu uliisha.

Hesabu ya usiku

Hapa ndipo kiini kilipo. Nimeandika mahali pa kulala na kimo chake. Ramani hutofautiana kwa makumi ya mita, lakini picha ni hii:

Hampta: Manali 2,050, Chika 3,100, Balu ka Ghera 3,600, (kipito 4,270), Shea Goru 3,900, Chatru 3,360.

Thorong La: Chame 2,670, Pisang 3,200, Manang 3,540, Manang tena, Yak Kharka 4,050, Thorong Phedi 4,450, (kipito 5,416), Muktinath 3,760.

Madaktari wa milimani wana kanuni moja inayoeleweka: ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja kati ya sehemu unazolala, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika siku nzima. Mchana unaweza kupanda juu zaidi. Mwili unahesabu mahali ulipolala.

Sasa soma tena mistari ile miwili. Kutoka Manali hadi Chika umeruka zaidi ya mita 1,000 kwa usiku mmoja. Kesho yake 500 nyingine. Kesho kutwa unavuka na kulala 3,900. Usiku wa mapumziko haupo. Ukienda Chandratal, umelala tena kwenye mita zipatazo 4,250. Safari nzima imebanwa ndani ya siku ambazo mwili ulikuwa unazihitaji ili kuanza tu kuelewa uko wapi. Thorong La iko juu zaidi kwa mita 1,100 na ushei, lakini ngazi zake ni fupi na Manang kuna siku ya kupumua. Siku hiyo usilale kitandani: panda hadi ukingo wa juu ya ziwa Gangapurna, au ukijiweza, hadi ziwa la barafu lililo kwenye mita 4,600, kisha ushuke ulale palepale Manang.

Haya sikuyasoma tu. Kampuni iliyotupeleka Hampta ilitutoa Delhi kwa basi la usiku, saa 13 za kona, tukafika Manali asubuhi, na asubuhi iliyofuata tukawa tunapanda. Pale Balu ka Ghera kichwa kilianza kunigonga nyuma ya macho. Chakula kilininukia vibaya. Nilijilazimisha vijiko vitano vya wali na dengu, nikanywa maji, nikalala nimekaa nusu, kwa sababu kila nikilala chali nilizinduka nikitafuta pumzi. Kulipokucha kichwa kilikuwa kimepungua, mwongozaji akanipima oksijeni kwa kile kidude cha kidoleni, akaridhika, nikavuka. Lakini nilivuka nikiwa nahesabu hatua, na uzuri ninaousifia hapo juu niliufaidi nusu tu. Siku mbili za ziada Manali zingetosha kubadilisha habari yote. Mgeni wa Himalaya akiniuliza kuhusu Hampta, jambo la kwanza ninalomwambia ni hilo: lala Manali usiku tatu, hata kama ratiba ya kampuni inasema mmoja.

Na Thorong La ina mtego wake, tena mkubwa kuliko huu. Kwa kuwa magari ya jipu sasa yanafika Manang, kuna watu wanaopanda Besisahar asubuhi na kulala Manang usiku. Hiyo ni kutoka 760 hadi 3,540 kwa siku moja. Ukifanya hivyo, yote niliyoyasifu kuhusu njia hii yamefutika, na kipito bado kina mita zake 5,416. Ukipanda jipu, ishia Chame, na kuanzia hapo tembea.

Siku ya kuvuka

Siku ya kipito Hampta unapanda mita 670 hivi na kushuka karibu 400, kwa saa saba hadi tisa. Kupanda kuna mawe makubwa, na mwanzoni mwa msimu kuna theluji ngumu inayohitaji vyuma vya kuvaa chini ya viatu. Ukiwa juu, hali ya hewa ikiruhusu, vilele vya Deo Tibba (6,001) na Indrasan (6,221) vinakukaribia kiasi cha kutaka kuvigusa. Kushuka upande wa Lahaul ni mteremko mkali wa changarawe zinazoteleza. Magoti yanatetemeka.

Lakini kilichonibakia mimi ni mto. Maji ya pale Shea Goru yanatoka moja kwa moja kwenye barafu ya juu, na jua likishapiga yanajaa, kwa hiyo unavuka alfajiri, yakiwa machache na makali kwa baridi. Mwongozaji alitupanga mstari, tukashikana viwiko. Viatu nilivifunga kamba na kuvitundika shingoni, soksi zikaingia mfukoni, suruali ikakunjwa juu ya magoti. Hatua ya kwanza niliisikia baridi hadi kwenye meno. Ya nne sikusikia kitu. Ikabidi nitazame chini kuhakikisha kuwa miguu bado inakanyaga. Upana wa mto haukuzidi upana wa barabara ya mtaani kwetu. Upande wa pili nilikaa juu ya jiwe, vidole vimekuwa na rangi ya majivu, nikavisokomeza ndani ya kofia yangu ya sufu. Damu iliporudi, nililia. Baada ya hapo nilivaa sandali za mpira kila penye maji, na wewe usiende Hampta bila jozi kwenye begi.

Thorong La siku ya kuvuka ni ndefu kweli. Kutoka Phedi unapanda karibu mita 1,000, kisha unashuka zaidi ya 1,600 hadi Muktinath. Watu huanza saa kumi au kumi na moja alfajiri kwa sababu baadaye asubuhi upepo unaamka pale juu, na ukiamka hauna huruma. Chupa yangu ya maji iliganda mdomoni kabla hata hatujapita Kambi ya Juu (4,880). Maji huganda kuanzia juu, kwa hiyo unaibeba chupa kichwa chini. Hilo nilifundishwa na mwongozaji wetu, mzee kidogo kwangu, ambaye nilimwita "dai", yaani kaka, naye akaniita "bahini", dada mdogo. Kila niliponyanyua mguu kwa haraka alisema, "Bistarai, bahini, bistarai." Maana yake ni pole pole. Nikamfundisha ya kwetu. Tangu hapo tukawa tunapokezana, yeye pole pole, mimi bistarai, huku mstari wa tochi za kichwani ukipanda mbele yetu gizani kama ngazi.

Njia inadanganya. Mara tano nilidhani tumefika, na kila mara nyuma ya kilima kulikuwa na kilima. Halafu ghafla pakawa na vitambaa vya sala vya rangi tano vimerundikana juu ya mawe, watu wanakumbatiana, na jua. Nililia huko pia, lakini kwa sababu nyingine.

Muktinath, unakoshukia, ni mahali patakatifu kwa Wahindu na Wabudha. Kuna mifereji 108 inayotema maji ya baridi, iliyopangwa kwa nusu duara nyuma ya hekalu, na mahujaji hupita chini ya kila mmoja. Kutoka mto wa Shea Goru nilikuwa nimepata somo, kwa hiyo mimi nilinawa mikono tu.

Utalala wapi, utakula nini

Hampta ni mahema. Kati ya Jobra na Chatru hakuna kijiji hata kimoja. Farasi au nyumbu wanabeba mizigo, mpishi anapika, choo ni shimo lenye hema dogo, na usiku kitambaa cha hema kinapata umande unaoganda. Mtu wa Machame hatashangaa chochote.

Annapurna ni gesti. Kila baada ya saa chache kuna nyumba yenye vyumba vya vitanda viwili, kuta za mbao nyembamba, na ukumbi wa kulia wenye jiko la kuni au la samadi ya mnyama yak katikati, ambapo jioni kila mtu anasogeza kiti na kukausha soksi. Kuna blanketi, lakini begi la kulalia lako mwenyewe ni lazima. Kathmandu, mtaa wa Thamel, unakodi. Maji ya moto na kuchaji simu unalipia, na kadiri unavyopanda ndivyo bei inavyopanda, kwa sababu kila kitu kimepandishwa huko kwa migongo ya watu na nyumbu.

Chakula si tatizo kwa mtu wa kwetu. Nepal utakula "dal bhat", wali kwa dengu na mboga, na sahani ikiisha wanakuongezea bila malipo. India utakula wali, dengu, viazi na chapati, na chai ya maziwa yenye tangawizi ambayo ungeapa imepikwa Tanga. Ndugu Waislamu: nyama ya milimani usitarajie iwe halali, lakini unaweza kula mboga safari nzima bila kumwomba mtu samahani, maana wenyeji wengi ndivyo wanavyokula. Mimi nilikaa bila nyama njia zote mbili na tumbo halikunisumbua.

Ukizidiwa

Dalili za hatari nimemwandikia mdogo wangu azibandike ndani ya daftari: kuyumba kama mlevi unapotembea mstari ulionyooka, kuchanganyikiwa, kukosa pumzi ukiwa umekaa, kikohozi chenye mapovu. Ukiona moja ya hizi, shuka, hata kama ni usiku. Dawa ya asetazolamidi inasaidia mwili kuzoea, lakini uliza daktari kabla hujaondoka nyumbani, na kamwe isiwe sababu ya kuendelea kupanda ukiwa mgonjwa.

Tofauti ya njia hizi mbili hapa ni kubwa. Manang kuna kliniki ya shirika la Himalayan Rescue Association, inayofunguliwa misimu ya kutembea, na mchana madaktari wake hutoa somo kuhusu ugonjwa wa mwinuko. Nenda, hata kama unajiona mzima. Simu inashika sehemu nyingi, na helikopta inaweza kufika hali ya hewa ikiwa nzuri. Hakikisha bima yako inataja wazi kutembea hadi mita 6,000; nyingi huishia 4,000 au 5,000, na hapo umelipia karatasi tu. Mpigie mwenye bima kabla hujakubali kupanda helikopta, maana mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza udanganyifu wa watu kupakiwa helikopta kwa maumivu madogo ili bima itozwe. Zaidi ya yote, ukikwama Manang unaweza kugeuka na kushuka ulikotoka, ukiwa umeshaona nchi nzuri kwa wiki nzima.

Hampta, ukishaondoka Jobra, sahau mtandao. Kliniki hakuna. Ukizidiwa Balu ka Ghera unashushwa kwa farasi kurudi Jobra, na hiyo inawezekana. Ukizidiwa Shea Goru, nyuma yako kuna kipito na mbele yako kuna mto na saa kadhaa za kutembea hadi barabara ya Chatru. Nimelifikiria hilo mara nyingi tangu usiku wangu wa kichwa kugonga. Na usidhani utajiokoa kwa kubeba simu ya setilaiti: India ni kosa la jinai kuwa nayo bila kibali, pamoja na vile vifaa vidogo vya kutuma ujumbe kama Garmin inReach, na wageni wameshakamatwa viwanja vya ndege.

Majira, na likizo zetu

Hampta iko wazi kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba, na mwanzo wa Oktoba ukibahatika. Juni kuna theluji. Julai na Agosti kuna maua lakini pia mvua inayokata barabara. Septemba anga ni safi. Thorong La ni Oktoba na Novemba, au Machi hadi Mei.

Desemba, ambako wengi wetu ndiko tuna likizo, haifai. Hampta imefunikwa kabisa, na Thorong La ni baridi kali, gesti nyingi za juu zimefungwa. Mwalimu mwenye likizo ya Juni na Julai, kwako kalenda imeshaamua: ni Hampta.

Usiamini msimu kupita kiasi. Oktoba 2014, mwezi unaosifiwa kuliko yote, mabaki ya kimbunga Hudhud yalileta theluji nzito ghafla Annapurna na milima ya jirani, na watu wasiopungua 43 wakafa, wengi wao wakiwa wamenaswa karibu na Thorong La. Wengine walisisitiza kushuka wakati hawaoni hata mita mbili mbele. Julai 2023 mafuriko yaliipiga Kullu na Manali, na zaidi ya watu 200 wakakwama Chandratal kwa theluji hadi walipookolewa. Weka siku mbili za akiba, na mwongozaji akisema leo hatuvuki, msivuke.

Karatasi na fedha

Kwa haraka: Mkenya na Mtanzania anapata viza ya Nepal uwanjani Kathmandu, dola 50 kwa siku 30. Kibali cha hifadhi ya Annapurna ni rupia 3,000 za Nepal. Tangu Aprili 2023 mgeni anatakiwa awe na mwongozaji mwenye leseni. Kwa kawaida ni dola 25 hadi 35 kwa siku. India unaomba viza mtandaoni kabla. Beba kadi ya njano: ukitoka Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo bila chanjo ya homa ya manjano, India wanaweza kukuweka karantini hadi siku sita.

Kwa ndege, Mumbai kuna safari za moja kwa moja kutoka Nairobi na Dar, kisha unaunga hadi Delhi. Kathmandu utapitia Ghuba, mara nyingi Doha au Dubai, katika ndege iliyojaa Wanepali wanaorudi nyumbani kutoka kazini. Ndugu zetu wa Muscat na Doha, nyie mko jirani kuliko sisi.

Hampta kwa jumla ni nafuu kwa sababu ni siku chache na bei ya kampuni inajumuisha hema, chakula na mwongozaji. Thorong La ni siku nyingi. Kwa siku moja moja tofauti si kubwa. Kinachokula fedha ni idadi ya usiku.

Basi nani aende wapi

Una siku kumi au kumi na mbili tangu kuondoka nyumbani hadi kurudi, umeshalala Horombo, au Shipton's ya Mlima Kenya, ukajua mwili wako unavyofanya, na hema halikusumbui: nenda Hampta, Septemba, na usiku tatu za Manali usizikate. Una siku ishirini au zaidi, hujawahi kulala juu, au una wasiwasi na afya: nenda Thorong La, tembea kuanzia Chame, na siku ya Manang uiheshimu. Una siku kumi na hujawahi kulala juu: ningekusihi usubiri mwaka ujao, au uende Nepal ukaishie Manang bila kuvuka. Ni safari kamili kabisa.

Mdogo wangu alisoma yote haya akanyamaza siku mbili. Halafu akauliza, "Sasa Dada, nitajuaje kichwa changu kikoje huko juu kabla sijatoa hela?" Ijumaa ijayo tunaingia Mlima Meru. Usiku wa kwanza Miriakamba, wa pili Saddle Hut, mita 3,570, ambayo ni Manang ukiongeza thelathini. Mama ameshakaanga karanga, na mimi nimemwazima kofia yangu ya sufu.